Vibuyu vya Mwenye Duka

Wengi waliomwita bahili wamekufa wakidaiwa. Ninaanza na hilo kwa sababu kila ninapomtaja yule mama mbele ya watu wa kijiji chetu, huko Muleba, hakosekani mtu wa kukunja mdomo na kusema, "Ah, yule wa vibuyu," kana kwamba vibuyu vilikuwa ugonjwa. Basi leo nitasema mimi, na asiyependa azibe masikio.

Jina lake ninalijua ila sitaliandika. Sisi watoto tulimwita Mwenye Duka, naye aliitika. Ukoo wake pia sitauandika. Kwetu mtu huulizwa ukoo kabla hajapewa kigoda, lakini yeye ukimuuliza alikutazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akauliza, "Umekuja kuposa?" Wazee walicheka wakaacha. Nami naacha.

Kilichojulikana ni kwamba aliishi Kampala miaka mingi, akarudi peke yake akiwa na fedha, akanunua kibanja chake mwenyewe chenye migomba na kahawa, jambo ambalo mwanamke hakutegemewa kulifanya. Namna alivyozipata fedha hizo kila mtu alikuwa na hadithi yake, na hadithi zote zilifanana. Mimi sijui, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba wanaume waliomsengenya kwenye pombe ya rubisi ndio hao hao waliowatuma wake zao kwake kukopa chumvi, na chumvi walipewa. Mwanamke aliyekuja kukopa aliulizwa lini atalipa. Akisema siku, alipewa. Akisema "Mungu akipenda," aliambiwa aende kwanza akamuulize Mungu anapenda lini.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kando ya barabara ya magari yaendayo Bukoba. Aliuza chumvi, mafuta ya taa, viberiti, nyembe, uzi, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na sukari guru iliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Nyuma ya ukuta wa udongo kulikuwa na chumba chake cha kukaa, na huko juu, kwenye boriti, ndiko vilikoning'inia vibuyu vyetu. Wakati wangu vilifika thelathini na kitu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mtoto aliyetaka kuweka akiba alikuja na kibuyu kidogo kilichokaushwa vizuri. Kabla hakijapokelewa alitakiwa ataje kitu anachokitaka. Kusema "nataka pesa" hakukutosha, ilibidi utaje kitu chenyewe. Mmoja alisema mbuzi, mwingine alisema suruali yenye mifuko, dada yangu alisema redio na akachekwa. Ukisema hujui, ulirudishwa nyumbani ukafikiri. "Pesa isiyo na jina ni ya kila mtu," alikuwa akituambia. "Hata mlevi akipita njiani ni yake." Ukishataja, ulifunga mdomo wa kibuyu kwa kamba ya mgomba, kwa fundo ulilolibuni mwenyewe na ambalo hukumwonyesha mtu. Kila Jumamosi ulipanda kwenye stuli, ukafungua, ukadumbukiza ulichonacho, ukafunga tena. Muda wote huo yeye alikupa mgongo, akipepeta maharage yake. Hakugusa kibuyu cha mtu na hakuuliza umeweka ngapi.

Na alitukataza kuhesabu. Alisema ukihesabu utaona ni kidogo, na ukiona ni kidogo utakula. Akiba ya mtoto haihesabiwi, inaongezwa, na siku kibuyu kikiwa kizito mkono utakuambia. Mimi leo ni mwalimu wa hesabu na jambo hili sijakubaliana nalo hata kidogo. Nimewahi kumwambia hivyo. Alinijibu kwamba hesabu nimejifunza kwa akiba, wala si akiba kwa hesabu, na mjadala akaufunga.

Senti zetu zilitoka chini ya mikahawa. Desturi ya kwetu ni kwamba kahawa iliyo mtini ni ya baba, lakini ile iliyodondoka yenyewe ikaingia kwenye matandazo ni ya mtoto anayeiinamia. Tuliiokota punje kwa punje, tukaianika kwenye kona ya uwanja, ikikauka tunaipeleka kwenye ghala la ushirika siku ya mizani, kila mtoto na kijikapu chake nyuma ya magunia ya wakubwa. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika tuliamka na umande, tukawakamata, tukawauza barabarani kwa abiria. Lakini senene ni wa majuma machache tu, na hurudi wanapotaka wenyewe. Kahawa ndiyo iliyotuendesha.

Kuna kijana mmoja wa jirani aliyechoka kuinama, akaanza kuutikisa mkahawa wa baba yake na kuokota kinachoanguka. Baba mwenyewe hakugundua. Mwenye Duka alipita karibu na alipoanika, akachota kiganja kimoja, akaona punje za kijani katikati ya zile nyekundu. Hakumpeleka kwa baba yake wala hakumtangaza. Alimwambia tu, kwa upole uliotutisha sisi wengine, "Kahawa ya kudondoka haiwi ya kijani, bojo," na Jumamosi hiyo hakumruhusu kupanda stuli, wala iliyofuata, wala mbili zilizofuata. Alisema kibuyu kikionja cha wizi mara moja hakishibi tena.

Mimi zamu yangu ilipofika, nikiwa na miaka saba, nilisema sanduku. Nilikuwa nimemwona msichana mmoja amerudi likizo kutoka shule ya masista ya Bukoba, anatembea mikono mitupu kama bibi harusi, na nyuma yake kaka yake amebeba kichwani sanduku la bati lililochorwa maua. Nilitaka sanduku kabla sijataka shule. Mama ndiye aliyenieleza kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja, kwamba mtoto akifaulu darasa la saba hupewa orodha ya vitu vya kwenda navyo, sanduku likiwa la kwanza, na asiyekuwa navyo nafasi yake humpita hivi hivi. Baba yangu alikuwa na wasichana wanne, mbali na wavulana, na desturi yake ya butura. Hakukuwa na siku ambayo angenunua sanduku, na nilijua hivyo hata kwa akili ile ya miaka saba.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua. Mtu ana shida leo, au ana kiu leo, anakwenda kwa mwenye fedha anapewa kidogo, na msimu ukifika mwenye fedha anakuja na magunia yake kuvuna. Serikali ilikataza, mapadre walikataza, na watu waliendelea. Mwenye Duka hakukataza. Yeye alitufundisha kwa kutufanyia.

Alinifanyia mimi nikiwa darasa la pili. Nilisimama dukani nikiitazama sukari guru kwa muda mrefu, akaniuliza kama naitaka. Nikasema sina senti. Akasema hakuna shida, nichukue, nitamlipa kahawa zitakapodondoka, kijikapu kimoja kilichojaa. Nilikubali mara moja. Ile sukari sikufika nayo nyumbani. Miezi ikapita nikasahau kabisa, na msimu ulipofika, siku nimekijaza kijikapu changu cha kwanza mpaka juu, nikamwona anakuja uwanjani kwetu na khanga yake begani. Alikichukua chote. Nililia mpaka mama akamfuata njiani kumwomba aniachie hata nusu, mtoto huyu. Mwenye Duka alimjibu mama kwamba mimi nilipokuwa nakula sukari sikumwachia nusu yeye. Kahawa ile aliipeleka kwenye mizani akaiuza, na fedha yake akaila. Msidhani aliirudisha kwa siri. Hakuirudisha, na kwa mwaka mzima nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Baba alipopata habari alicheka sana. Alisema safi, mtoto amefunzwa. Juma lililofuata nilimwona kwa macho yangu akienda kuuza maua ya kahawa yake yote ya upande wa bondeni, na nilikuwa mtoto pekee pale nyumbani aliyeelewa amefanya nini.

Somo jingine alitufundisha kwa msiba wa mwenzake. Kulikuwa na mzee mmoja jirani aliyefukia fedha zake kwenye chungu, hatua tatu kutoka kwenye mgomba mkubwa nyuma ya nyumba, zamani kabla ya Uhuru. Hakuandika popote, maana mgomba ule aliujua kama anavyoujua mkono wake. Tatizo ni kwamba mgomba hutembea. Mama mgomba akizaa mkungu hukatwa, mtoto huota pembeni, naye hukatwa, mjukuu huota mbele kidogo, na baada ya miaka kumi na kitu shina liko mahali pengine kabisa. Mzee alipohitaji fedha zake alihesabu hatua tatu akachimba, hakuna. Akachimba tena. Alipokuja kuzipata alikuwa amegeuza robo ya kibanja, na noti zenyewe zilikuwa za serikali iliyokwisha ondoka, hazipokelewi popote.

Mwenye Duka alituchukua kumi na wawili, akatupeleka kuangalia yale mashimo. Kwanza alimwamkia mzee kwa adabu zote, akampa pole na kipande cha sabuni. Kisha akatugeukia sisi, mbele ya mzee mwenyewe, akasema mgomba unatembea, serikali nazo zinatembea, na mtu akiacha fedha zake zikae bila kuziangalia atazikuta zimebaki nyuma. Mama yangu aliona ni ukatili kumsema mzee wa watu mbele ya watoto. Labda ulikuwa ukatili. Lakini nina dada anayekumbuka kwamba pesa mpya zilipotoka baada ya Uhuru, Mwenye Duka alifunga duka siku mbili, akavaa viatu, akavipakia vibuyu vyote vya wakati huo kwenye basi, akaenda Bukoba na watoto wawili wakubwa kuwa mashahidi, na wakabadilisha kibuyu kimoja kimoja, bila kuchanganya senti ya huyu na ya yule. Karani wa pale alimwambia avimimine vyote pamoja kurahisisha kazi. Inasemekana alikaa chini sakafuni na kusema atasubiri.

Msifikiri alikuwa mtu wa kujinyima. Hapo ndipo wanapokosea wanaomwita bahili. Kila Krismasi alivaa gomesi mpya, lile vazi refu la akina mama wa Kampala, iliyonyooshwa mpaka inang'aa, na alioga kwa sabuni ya manukato huku sisi akituuzia ya mche. Tulipomuuliza, alituonyesha kibuyu kimoja kikubwa kwenye boriti, kimejitenga na vyetu, akasema na yeye anacho, na jina lake ni gomesi. Akiwa na gomesi hiyo alikwenda kanisani akaketi benchi la mwisho. Hakukomunika. Kwa nini, yeye na Mungu ndio waliojua, na sisi tusiojua tulikuwa na maelezo mengi. Padre mmoja aliwahi kulalamika altareni kwamba sadaka ya watoto imepungua tangu vibuyu vilipoanza, akahubiri kwa kirefu juu ya wapenda mali. Watu waligeuka kumwangalia. Hakuondoka. Aliimba wimbo wa mwisho mpaka ubeti wa mwisho, na Jumapili iliyofuata watoto tulipewa agizo jipya, kwamba sadaka itengwe Jumamosi, kabla ya kibuyu, kwa sababu Mungu hapewi chenji.

Na alikuwa hajui kusoma. Barua zake za Kampala tulizisoma sisi. Sijui ni wangapi kati ya walimu waliomdharau walikuwa na akiba ya hata nauli.

Maana walimu nao walimjia juu. Hiyo ilikuwa miaka ya Azimio, shule ina shamba lake, tunalima kahawa na maharage, tunaimba kujitegemea asubuhi na jioni. Mwalimu mkuu wetu aliyekuwa mtu mwema lakini mwoga alikuja dukani kumwambia kwamba kumfundisha mtoto kuweka chake peke yake ni ubinafsi, kwamba mtoto anatakiwa afikirie kijiji kwanza. Nilikuwepo, nimetumwa kiberiti. Mwenye Duka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba wimbo wa kujitegemea anausikia kila siku, unapita hapo barabarani, na ni wimbo mzuri. Anachouliza ni mtoto atajitegemea kwa kitu gani. Kama ni kwa jembe tu, basi hata wakati wa watemi walikuwa na majembe. Mwalimu mkuu alinunua sigara akaondoka.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Nilifaulu. Tulifaulu wawili shule nzima, na msichana nilikuwa peke yangu. Orodha ilikuja kutoka Bukoba, imepigwa chapa: sanduku, blanketi, shuka mbili, ndoo, kandambili, na chini kabisa nauli. Baba aliisoma mara mbili akaikunja akaiweka mfukoni. Kahawa ya mwaka huo alikuwa ameshaiuza kwa butura. Mama alinitazama, na wote tulijua kwamba niende au nisiende ni suala la kibuyu.

Mwezi huo huo ikaja amri kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe, kila kijiji kiwe na duka lake la ujamaa. Sitabishana hapa kama amri ilikuwa nzuri au mbaya. Sabuni ilikuja kujibu swali hilo yenyewe, ilipoadimika. Katibu wa chama pale kijijini alikuja na wajumbe watatu na daftari kuorodhesha mali. Habari zilikuwa zimetangulia, watu wakajaa uwanjani, baba yangu akiwamo. Walihesabu chumvi, wakahesabu mafuta, wakapima sukari guru. Mwenye Duka alikaa kwenye kigoda mlangoni bila kuwazuia, akiwasahihisha tu waliporuka kitu. Kisha katibu akapita ukuta wa udongo, akaingia chumba cha nyuma, akainua macho.

Akasema na hivi viandikwe. Fedha iliyokutwa dukani ni mtaji wa duka.

Mwenye Duka alisimama. Alisema hapo si dukani, ukuta huo hapo. Katibu akasema nyumba ni moja. Akasema pia kwamba mtu mmoja kukusanya fedha za watoto bila kibali ni kosa, na akitaka anaweza kulipeleka mbele. Wajumbe wakaanza kushusha. Walivipanga uwanjani kwenye mkeka, vyote thelathini na kitu, na vilipokuwa chini vilionekana vidogo sana.

Hapo ndipo alipotuita. Alituita kwa vitu vyetu, wala si kwa majina yetu. Alisema, "Mbuzi, njoo." Kijana akatoka kwenye watu. "Onyesha kibuyu chako." Akaonyesha. "Fungua." Akafungua fundo lake upesi. Mwenye Duka akamwomba katibu ajaribu kufungua cha pili, naye akajaribu kweli mbele ya watu wote, akakwaruza kucha, akashindwa, ndipo mtoto mwenye kibuyu akaitwa, akalifungua fundo kwa vidole viwili. Watu wakaanza kucheka. "Mwambie katibu unaweka kwa ajili ya nini." "Suruali." Hivyo hivyo mmoja baada ya mwingine, mbuzi, suruali, kuku wa kuatamia, daftari na kalamu za mwaka mzima. Mpaka tulipofika kumi hivi, mjumbe mmoja aliyekuwa na mtoto wake kwenye foleni alimwambia katibu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini lakini tukasikia, kwamba hapa wataanza kugombana na kila nyumba. Katibu akafunga daftari. Alisema vibuyu warudishiwe wazazi.

Hakusema watoto, alisema wazazi. Na alipolitamka tu, baba yangu akasogea mbele.

Nataka nieleze jambo hili sawasawa. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la butura, alikuwa na aibu ya ile orodha mfukoni, na alikuwa mwanamume kwenye uwanja wenye watu. Alisema, "Mtoto ni wangu. Kahawa aliyookota ni ya kibanja changu. Nipe kibuyu."

Mwenye Duka aliweka mguu mbele ya kibuyu changu. Akasema, "Pesa hii ina jina, na jina lake ni sanduku. Wewe ni sanduku?"

Hakuna aliyecheka. Baba akamwambia kwamba yeye asiye na mume wala mtoto hawezi kumfundisha mtu kulea. Mwenye Duka alinigeukia mimi. Alisema fedha si yake, kwa hiyo si yeye wa kuikataa, na kama nataka kumpa baba yangu nimpe, yeye ataondoa mguu.

Kwetu msichana hupiga magoti akizungumza na baba yake. Nilipiga magoti. Magoti yalikuwa pale kwenye vumbi na macho nikayainamisha kama nilivyofundishwa, na kwa adabu zote hizo nikasema, "Tata, ni ya sanduku." Akanyoosha mkono. Nikasema tena, nikiongeza neno letu la heshima, "Ni ya sanduku, waitu. Sikupi." Sijawahi kusema neno gumu kuliko hilo, wala sijawahi kusema lililo sahihi zaidi. Baba akageuka akaenda zake, na tangu siku ile mpaka alipokufa hakumwamkia tena yule mama.

Nilifungua fundo langu kwa fundi bati wa Muleba. Sanduku lilipatikana, na blanketi, na shuka moja badala ya mbili. Nauli ilitosha. Duka lilifungwa. Bidhaa zake zikaingia duka la kijiji kwa bei waliyoipanga wao, na sehemu aliyoahidiwa hakuiona. Kwa lile la vibuyu aliitwa kwa katibu mara tatu, akaenda mara tatu kwa miguu, akarudi akaendelea kupalilia. Msimu uliofuata watoto walianza tena kupita nyuma ya nyumba na vibuyu vyao, safari hii bila duka.

Nilimwona mara ya mwisho juma tulilomzika baba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha Maruku, nimekuja na mume na mtoto mgongoni. Kaka zangu walinikataza nisiende kwake wakati wa matanga, ni kumtukana marehemu. Niliwaambia waulize sanda aliyozikiwa marehemu ilinunuliwa kwa mshahara wa nani. Hawakuuliza, maana walijua. Nikaenda.

Alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu, lakini gomesi imenyooka. Alinipa kahawa za kutafuna kwenye kikapu, akamshika mtoto, akamuuliza mtoto asiyejua kusema anataka nini. Nilimpa kitenge akakipokea kwa furaha. Kisha nikatoa bahasha. Nilikuwa nimeiandaa kwa muda mrefu, na hotuba yake pia nilikuwa nimeiandaa. Nilimwambia kwamba najua. Kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, nimekaa nimepiga, punje zile za kuokota kwa miaka saba haziwezi kununua sanduku na blanketi na shuka na nauli. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongeza, akinipa mgongo akijifanya anapepeta, na kwamba watoto wangu watajua hivyo, kwa sababu kila mahali nilipofika nimesema hivyo.

Aliacha kutafuna. Nilidhani amefurahi, kumbe amekasirika.

"Fundo lako mimi ningelifunguaje?" akaniuliza. "Ulilifunga vibaya, kila mara ulihangaika nalo wewe mwenyewe. Sikuweka hata senti. Miaka saba hukukosa Jumamosi, hata ulipokuwa na surua ulimtuma mama yako akubebe. Leo unaniletea bahasha kunishukuru kwa pesa yako."

Aliirudisha bahasha kwenye magoti yangu, akasema nikitaka kumpa mtu asante nimpe yule mtoto aliyekuwa anaokota. Kisha akaniuliza habari za Maruku, kama bado wanagawa miche ya kahawa, na tukazungumza habari za miche mpaka nikaaga.

Nilirudi matangani taratibu, mtoto amelala. Baba alisema ni yake. Katibu alisema ni ya kijiji. Nami, niliyepiga magoti kwenye vumbi nikawakatalia wote wawili, kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nikitangaza kwamba ni ya Mwenye Duka. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba ni yangu, na ilibidi anigombeze ndipo nikamwamini.